Hesabu ya Mustik

Nilimnunua Aprili, theluji bado imejibanza chini ya mireteni,
ndama wa miezi sita, masikio makubwa kuliko akili,
nikampa jina siku ileile, nikajua nimekosea:
kitoweo hakipewi jina.
Mustik, nikamwita, kwa ajili ya pua yake,
nyeusi kama matunda madogo ya msituni.

Ardhi yetu hapa Saaremaa ni ngozi nyembamba
juu ya mfupa wa chokaa.
Ukichimba shubiri moja, jembe linalia.
Lakini nyasi haziulizi kina.
Zinaota, zinaliwa, zinaota.

Jirani Kaljo aliegemea uzio akanicheka:
“Miezi miwili ya mwisho mpe nafaka, Helju.
Nyasi hujaza tumbo, hazijazi sufuria.”
Nilimjibu kwa kusogeza waya wa umeme
hatua ishirini mbele, kama nilivyofanya jana,
kama nitakavyofanya kesho.
Mustik akavuka, akainamisha kichwa,
na ile sauti ikaanza, kwaru, kwaru,
sauti ya kitambaa kizuri kinachochanwa taratibu.
Sijui redio inayoishinda.

Ng'ombe hashindwi na nunduye, husemwa.
Huyu wangu hakuwa na nundu.
Alibeba majira ya baridi mgongoni,
manyoya yamegandamana barafu, anacheua,
mvuke ukimtoka kama birika lililosahauliwa jikoni.

Kisha kiangazi cha pili mvua haikuja.
Juni, hakuna. Julai, vumbi.
Malisho yakageuka rangi ya mkate,
marobota ya akiba yakabaki tisa,
na Kaljo akaacha gunia la shayiri mlangoni pangu
bila neno.
Hilo ndilo lililoniuma: bila neno.

Nilikwenda kwa Salme, mwenye funguo za kanisa,
nikamwomba nyasi za makaburini,
kule chini ya mialoni ambako kivuli hakijawahi kukauka.
Alinitazama muda mrefu.
“Anza upande wa kaskazini,” akasema. “Usiguse maua.”

Nilifyeka alfajiri kwa mundu mrefu wa Arvo,
mpini umelika mahali pa vidole vyake,
si vyangu.
Nilipofika kwake sikusimama.
Nilimzungukia kama mtu anavyozunguka kitanda cha aliyelala,
nikakusanya, nikapakia mkokoteni, nikaondoka.
Siku kumi na nne.
Mustik alikula zote, hata zile za kona.
Gunia la Kaljo nililirudisha halijafunguliwa,
mayai kumi juu yake.

Oktoba, mchinjaji alifika na gari lake.
Nilikuwa na tofaa mkononi.
Mustik alikuwa analitazama tofaa.

Kilo mia mbili na kumi na nane, zikining'inia.
Mafuta ya njano, kama siagi ya Juni.
Nikafunga mafungu, nikaandika kwa kalamu nene:
paja, ubavu, shingo, mifupa ya supu,
mpaka friza ikagoma kufungika
nikaikalia.
Ulimi niliuchemsha mwenyewe,
nusu nikampelekea Kaljo,
nyama ya ulimi kwa mtu asiyejua kusifu.
Alikula amesimama. Akasema, “Si ngumu.”
Kwa Kaljo, hiyo ni hotuba.

Jumapili walikuja kutoka Tallinn.
Tanel, mjukuu, miaka saba, alikuwa akitafuna
huku akihesabu kwa uma:
“Sisi tunamla Mustik. Mustik alikula nyasi.
Nyasi zilikula nini, bibi?”

Mwanangu akaweka kisu chini.
Kulikuwa na kiti kimoja kitupu mezani,
tulikuwa tumekizoea.

“Mvua,” nikasema, nikimwongezea mchuzi,
mwaka uleule ambao haikunyesha.